Kugonga kwa mbele ya pikipiki: uanzie shingo ya usukani, shokapu, au breki na gurudumu?

Sauti ya chuma kugonga chuma upande wa mbele wa pikipiki humfikia mwendeshaji kwa njia mbili kwa wakati mmoja: masikioni kama "ko", na viganjani kama mshtuko mdogo. Njia zote mbili hupotosha. Gurudumu, ekseli, shokapu, vibano viwili vinavyozishika (cha juu na cha chini ya shingo), shingo ya fremu na usukani ni vyuma vilivyofungwa kimoja juu ya kingine, na chuma husafirisha mtikisiko haraka na mbali. Ndiyo maana ulegevu ulioko chini kabisa kwenye breki unaweza kusikika kana kwamba umo ndani ya shingo, na ulegevu wa shingo ukasikika kana kwamba shokapu zimekufa.

Matokeo yake ni kwamba mwenye pikipiki hukwama kati ya ushauri wa aina tatu. Mmoja anamwambia abadilishe beringi za shingo, mwingine anasema shokapu zimekwisha, na wa tatu anaapa kwamba ni breki tu. Niliwahi kufuata ushauri wa pili bila kupima: nilifungua shokapu zote mbili, nikabadilisha oili na sili, nikazirudisha, na ile "ko" ikanipokea kwenye tuta la kwanza, ikiwa vilevile ilivyokuwa. Beringi za shingo ndizo zilizokuwa zimelegea, na kuligundua hilo kulihitaji dakika chache na kidole kimoja. Tangu hapo nimeshikilia kanuni moja, ambayo ndiyo msingi wa ulinganisho huu: usifungue wala kununua kitu kabla hujaushika ulegevu wenyewe kwa vidole.

Vigezo vya kulinganisha

Kila sehemu kati ya hizo tatu itatazamwa kwa vigezo vilevile vitano. Cha kwanza ni wakati sauti inapotokea, kwa kuwa wakati wa sauti hueleza mengi kuliko sauti yenyewe. Cha pili ni kipimo kinachoweza kufanywa bila kufungua kitu. Cha tatu ni kazi na vifaa vinavyohitajika, pamoja na urahisi wa kuirudisha kazi hiyo nyuma iwapo ulikosea: nati uliyoikaza unaweza kuilegeza tena mara moja, lakini shokapu iliyofunguliwa lazima imwagwe oili, ijazwe kwa kipimo, na mara nyingi iwekewe sili mpya. Cha nne ni hatari ya kuendelea kuendesha pikipiki ikiwa katika hali hiyo, na cha tano ni nani anayefaa kuanzia hapo.

Kwanza, ondoa vinavyoiga

Kuna vitu vidogo vinavyotoa sauti inayofanana kabisa na ile ya shokapu au ya shingo. Kaza bolti za madigadi, za taa ya mbele na za mkono unaoshika taa hiyo. Hakikisha kebo na mipira ya breki haipigi fremu usukani unapogeuzwa. Ondoa ufunguo wenye mnyororo mzito. Kitu kimoja hapa kinastahili uangalifu zaidi: pikipiki nyingi hushika usukani juu ya mipira iliyo ndani ya kibano cha juu, na mipira hiyo ikichakaa, usukani hucheza mbele na nyuma na kugonga wakati wa kufunga breki, kama vile shingo inavyogonga. Shika kibano cha juu kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine. Ikiwa usukani unasogea huku kibano kimetulia, umekwisha kumpata mhusika.

Kipimo kinachozitenganisha sehemu zote tatu

Simamisha pikipiki kwenye sakafu ngumu na tambarare, shika breki ya mbele kwa nguvu, kisha sukuma usukani mbele na kuuvuta nyuma kwa mwendo mfupi. Wengi huishia hapo, husikia "ko", na kuamua kwamba ni shingo. Lakini breki ikiwa imeshikwa, mwendo huo hutikisa sehemu zote tatu kwa pamoja, kwa hiyo sauti peke yake haijathibitisha lolote.

Rudia kipimo hicho bila breki. Weka kabari ngumu mbele na nyuma ya gurudumu ili lisizunguke, achia breki kabisa, usukume na kuvuta kama mwanzo. Sauti ikitoweka, mshukiwa wa kwanza ni breki. Ikibaki vilevile, breki inaweza kuwekwa kando na macho yageukie shingo, shokapu au beringi za gurudumu.

Sasa mwite msaidizi asukume huku wewe ukitumia vidole. Weka kidole kwenye mpaka kati ya shingo ya fremu na kibano cha chini, kikigusa vyote viwili kwa pamoja; ikiwa kimoja kinahama na kingine kimebaki, kidole kitahisi hatua ndogo kabla ya sikio kusikia. Kisha hamisha kidole mahali bomba jembamba la shokapu linapoingia kwenye bomba nene, na baadaye kwenye kalipa ya breki, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Kidole hakidanganywi na chuma kama sikio linavyodanganywa, kwa kuwa kinagusa mahali pamoja tu.

Hatimaye inua gurudumu la mbele kutoka ardhini. Jeki iwekwe chini ya sehemu imara ya fremu, isiwekwe chini ya bomba la moshi wala chujio la oili, na pikipiki izuiwe isianguke kando. Hali hii itahitajika katika vipimo vinavyofuata.

Chaguo la kwanza: shingo ya usukani

Usukani huzunguka juu ya seti mbili za beringi zilizomo ndani ya shingo ya fremu, moja juu na moja chini. Katika pikipiki nyingine ni gololi, katika nyingine ni roli zenye umbo la pia. Ile ya chini hubeba mzigo mkubwa zaidi na ndiyo iliyo karibu na maji na matope yanayorushwa na gurudumu, hivyo kwa kawaida ndiyo hutangulia kuharibika.

Sauti ya shingo hutokea hasa uzito unapohama. Ukifunga breki ya mbele husikika "ko" moja, na ukiiachia husikika nyingine. Husikika pia kwenye vishimo vidogo vyenye kingo kali, na mwendeshaji huihisi katika viganja vyote viwili kwa usawa. Kwenye tuta pana linalopandwa polepole, ambapo shokapu hufanya kazi ndefu bila mshtuko, shingo mara nyingi hunyamaza.

Kupima, gurudumu likiwa hewani, shika ncha za chini za shokapu zote mbili, zisukume nyuma na kuzivuta mbele. Hapa pana mtego ambao umewapotosha hata mafundi wenye uzoefu. Gurudumu likiwa hewani, shokapu huwa zimenyooka hadi mwisho, na katika hali hiyo sehemu ya bomba la ndani iliyobaki ndani ya bomba la nje ni fupi kuliko wakati mwingine wowote. Ulegevu mdogo wa bushi (pete zinazotenganisha bomba la ndani na la nje), ambao upo hata katika shokapu nzima, huonekana mkubwa, na mpimaji hudhani kwamba shingo imelegea. Kwa sababu hiyo msaidizi lazima aweke kidole kwenye mpaka wa shingo na kibano cha chini wakati wewe unasukuma. Kidole hicho kikihisi mwendo, ni shingo. Kikitulia huku ncha zikicheza, tazama shokapu.

Baada ya hapo geuza usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Ukihisi kwamba unanasa kidogo unapofika katikati, kana kwamba unaingia kwenye kijishimo, gololi au roli zimechimba vikombe vyake, yaani vyuma vya duara ambamo huzunguka, katika mkao wa kwenda mbele, ambao ndio mkao wa karibu safari yote. Dalili hiyo hutenganisha shingo iliyolegea na shingo iliyoharibika, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa kazi.

Shingo iliyolegea tu hurekebishwa bila kununua kitu. Hulegezwa nati kubwa ya juu pamoja na bolti zinazobana shokapu kwenye kibano cha juu, au za kibano cha chini kwa pikipiki ambazo utaratibu wake unataka hivyo. Kisha nati ya duara iliyo chini ya kibano cha juu hukazwa kidogo kidogo kwa spana yenye mdomo wa ndoana, kila mara kwa sehemu ndogo sana ya mzunguko. Nati kubwa inapokazwa tena huongeza mkazo juu ya beringi, kwa hiyo kipimo cha mwisho lazima kifanywe baada ya kila kitu kukazwa. Usukani unapaswa kuanguka upande wenyewe kwa ulaini ukisukumwa kidogo kutoka katikati, bila ulegevu na bila uzito. Ukikazwa kupita kiasi, pikipiki huyumbayumba katika mwendo wa polepole kwa sababu mwendeshaji hulazimika kuirekebisha bila kukoma, na beringi huumia upesi. Shingo inayonasa katikati haiponi kwa kukazwa. Inahitaji beringi mpya pamoja na vikombe vyake, na kuvitoa vikombe hivyo kwenye shingo bila kuikwaruza fremu ni kazi inayotaka vifaa na mkono uliozoea. Mara nyingi beringi mpya hujikalia vizuri zaidi baada ya muda wa kutumika, hivyo kipimo cha ulegevu kinastahili kurudiwa baada ya takriban kilomita 1,000.

Hatari ya kuendelea kuendesha ni kubwa. Ulegevu wa shingo huufanya usukani uanze kutikisika wenyewe, hasa unapofunga breki au kupita mahali penye mashimo, na kila mgongano huzidi kuchimba vikombe. Kuanzia hapa kunamfaa yule ambaye pikipiki yake hugonga wakati wa kufunga breki na kwenye vishimo vifupi, ambaye hajaona oili ikivuja popote, na ambaye pikipiki yake imekwenda mbali bila shingo kuguswa.

Chaguo la pili: shokapu zenyewe

Shokapu ya mbele ya kawaida ni bomba la ndani linaloteleza ndani ya bomba la nje, ndani yake kukiwa na springi, oili na fimbo yenye vitundu ambavyo oili hulazimishwa kupitia ili mwendo upunguzwe kasi. Katika pikipiki nyingi mabomba hayo hayagusani moja kwa moja, bali hutenganishwa na bushi. Baadhi ya pikipiki ndogo hazina bushi za kubadilishwa. Bomba la ndani huteleza moja kwa moja kwenye aluminiamu ya bomba la nje, na likichakaa hakuna bushi ya kununua, ni bomba lenyewe linalobadilishwa. Jambo hili lijulikane kabla ya kukubali bei ya matengenezo yoyote.

Kusema kwamba "shokapu inagonga" hakutoshi, kwa sababu shokapu ina namna nne za kugonga na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni kugonga juu, pale shokapu inaponyooka hadi mwisho. Husikika mara tu baada ya gurudumu kuvuka tuta, linaposhuka upande wa pili, au unapoinua pikipiki kutoka ardhini. Ndani ya shokapu kuna springi fupi inayolainisha mwisho huo, lakini oili ikiwa imepungua au imechoka, mwendo wa kurudi hauzuiliwi na chuma hufika mwisho kwa kishindo. Springi fupi ikivunjika, kishindo huwapo hata oili ikiwa kamili.

Ya pili ni kugonga chini, pale shokapu inapokwisha urefu wake kwenye shimo kubwa au mzigo mzito. Hiki ni kishindo kizito ambacho huusukuma usukani juu. Sababu huwa ni oili kidogo, springi iliyochoka, au mzigo unaozidi uwezo wa springi iliyopo. Ikiwa hutokea tu kwenye shimo kubwa kweli huku ukiwa umebeba abiria na mzigo, huenda shokapu haina kosa.

Ya tatu ni bushi zilizochakaa. Sauti yake ni "kokoko" nyepesi kwenye barabara yenye mawimbi madogo, pamoja na "ko" wakati wa kufunga breki, jambo linaloifanya ifanane sana na shingo. Tofauti huthibitishwa na kidole pale bomba la ndani linapoingia kwenye la nje: ukihisi bomba likihama mbele na nyuma, na ulegevu wa upande mmoja ukiwa mkubwa kuliko wa upande mwingine, bushi zimekwisha. Linganisha kushoto na kulia kila mara. Ulegevu unaolingana pande zote na ulio mdogo sana unaweza kuwa wa kawaida.

Ya nne husahauliwa, na nasikitika kila ninapoona shokapu nzima imebadilishwa kwa ajili yake. Fimbo ya ndani hushikwa na bolti moja inayopita chini ya bomba la nje, karibu na ekseli. Bolti hiyo ikilegea, fimbo hugonga ndani kila shokapu inapobadili mwelekeo, na mara nyingi oili huanza kutoka chini kabisa, mbali na sili. Oili inayoonekana chini bila dalili yoyote juu kwenye sili ionyeshe bolti hiyo kwanza. Tahadhari ni kwamba inapokazwa, fimbo inaweza kuzunguka pamoja nayo; springi ikiwa ndani na shokapu ikiwa imebanwa kwa uzito wa pikipiki, mara nyingi fimbo hutulia vya kutosha.

Kupima bila kufungua kunawezekana kwa kiasi. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani chini kwa nguvu, kisha achia. Shokapu nzima hurudi juu kwa mwendo uliozuiwa na kutulia. Ikiruka juu kwa kasi na kugonga, oili imepungua au imechoka. Tazama pia mstari wa unyevu au vumbi lililoshikamana kwenye bomba la ndani. Bomba likiwa na kutu au mikwaruzo, sili mpya haitadumu.

Kazi ya kufungua shokapu ndiyo ngumu kuliko zote katika ulinganisho huu. Kifuniko cha juu kinabanwa na springi kwa ndani na kinaweza kuruka usoni kinapoachia uzi wa mwisho, hivyo kishikiliwe kwa nguvu na uso uwe kando. Kilegezwe kidogo shokapu ikiwa bado kwenye pikipiki, baada ya kulegeza bolti za kibano cha juu, kwa sababu ikishatolewa ni vigumu kuishika. Kiasi cha oili si cha kukisia. Watengenezaji hutoa kipimo cha ujazo, na wengi hutoa pia umbali wa milimita kutoka mdomo wa bomba hadi kwenye uso wa oili, springi ikiwa imetolewa na shokapu ikiwa imebanwa hadi mwisho. Pande zote mbili lazima zilingane. Uzito wa oili nao ufuate kitabu cha pikipiki; oili nzito kupita kiasi huficha kugonga kwa muda, lakini huifanya shokapu kuwa ngumu kwenye mashimo. Bushi zikiwa mkononi zitazame vizuri: uso wake hufunikwa na teflon, na baadhi ya vitabu vya watengenezaji huagiza zibadilishwe pale rangi ya shaba inapojitokeza katika zaidi ya robo tatu ya uso huo.

Hatari ya kuendelea kuendesha hutegemea namna ya kugonga. Bushi zilizoanza kuchakaa zinaweza kusubiri zamu ya matengenezo. Oili inayovuja haipaswi kusubiri, hasa katika shokapu zilizopinduliwa, zile ambazo bomba nene liko juu, kwa sababu sili yake iko chini na oili huteremka kuelekea diski na pedi za breki. Kuanzia hapa kunamfaa anayesikia kishindo baada ya tuta badala ya wakati wa breki, anayeona oili, ambaye mbele ya pikipiki yake huzama sana akifunga breki, au ambaye oili ya shokapu zake haijawahi kubadilishwa.

Chaguo la tatu: breki na gurudumu

Sehemu hii hupuuzwa kwa sababu haina jina kubwa, ingawa mara nyingi ndiyo yenye dawa rahisi. Sauti yake ni "tak" kavu na fupi, inayotokea mara moja breki inapokamata, kisha hukaa kimya hadi breki iachiwe na kukamatwa tena. Ukikamata breki pikipiki ikienda mbele, ukaachia, kisha ukakamata tena ukiisukuma nyuma, husikika kila mwelekeo unapobadilika. Sauti hiyo ikitoweka katika jaribio la kabari bila breki, karibu hakuna shaka tena kwamba ni breki.

Katika breki ya diski, tazama pedi na springi bapa inayozishikilia ndani ya kalipa. Springi hiyo ikisahauliwa wakati wa kubadilisha pedi, pedi hutembea na kugonga. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zikikauka grisi au kuchakaa, kalipa nzima hucheza. Diski ambazo uso wake umeunganishwa na kitovu kwa vifungo vinavyoelea huwa na ulegevu kidogo kwa makusudi, kwa hiyo mlio mwepesi kutoka huko si lazima uwe kosa.

Katika breki ya ngoma, sahani inayobeba viatu vya breki huzuiwa isizunguke na jino au mfereji unaokaa kwenye bomba la nje la shokapu. Jino hilo likichakaa, au gurudumu likirudishwa bila kulikalisha mahali pake, sahani hugonga kila breki inapokamatwa. Likiwa halijakaa kabisa, sahani inaweza kuzunguka pamoja na gurudumu na kulifunga ghafla, kwa hiyo litazamwe kabla ya safari nyingine yoyote.

Upande wa gurudumu, inua mbele, shika tairi juu na chini, kisha mbele na nyuma, na uitikise kwa upande huku msaidizi akishikilia shokapu zisisogee. Mchezo unaohisika kwenye ukingo wa tairi ni wa beringi za gurudumu au ekseli isiyokazwa. Beringi zilizochakaa kwa kawaida hunguruma kwanza gurudumu likizungushwa, na hugonga zikiwa zimefika mbali. Pima pia spoku kwa kuzigonga kidogo moja baada ya nyingine. Iliyolegea hutoa mlio mzito usio na uhai.

Kazi zake ni nyepesi na nyingi zinaweza kurudishwa nyuma: kusafisha, kupaka grisi inayofaa breki kwenye pini, kurudisha springi ya pedi, kukaza ekseli kwa mkazo uliotajwa kitabuni. Grisi isiguse pedi wala diski. Wepesi wa kazi, hata hivyo, si wepesi wa hatari, kwa sababu ekseli iliyolegea au beringi iliyovunjika inaweza kulifunga gurudumu likiwa katika mwendo. Kuanzia hapa kunamfaa yule ambaye kugonga kulianza muda mfupi baada ya pedi, tairi au gurudumu kuguswa, na yule anayesikia "tak" moja tu kila anapokamata breki.

Uanzie wapi kulingana na hali yako

Ikiwa kugonga kumeanza mara baada ya matengenezo fulani, anza na kilichoguswa, hata kama dalili zinaelekeza kwingine. Bolti ya ekseli iliyosahauliwa ni ya kawaida kuliko beringi iliyokufa ghafla. Ikiwa gurudumu la mbele lilikuwa limetolewa, legeza bolti zinazobana ekseli chini ya shokapu, kandamiza mbele ya pikipiki mara kadhaa ili mabomba yajipange sambamba, kisha kaza.

Ikiwa kugonga ni kwa wakati wa breki tu, jaribio la kabari ndilo litakalokuchagulia kati ya breki na shingo, na kidole kati ya shingo na bushi. Ikiwa ni baada ya tuta tu, na usukani huzunguka kwa ulaini bila kunasa, shokapu ndiyo sehemu ya haki kuanzia, na kubadilisha oili kwa kipimo sahihi kutangulie kununua bushi, isipokuwa kidole kimekwisha kuhisi ulegevu wazi.

Ikiwa huna jeki wala msaidizi na unategemea pikipiki hiyo kwa kazi ya kila siku, fanya vipimo vya ardhini peke yako, kisha mpelekee fundi matokeo yake badala ya kumpelekea jina la kifaa. Kumwambia kwamba inagonga breki ikishikwa na inanyamaza gurudumu likiwekewa kabari kunamsaidia zaidi kuliko kumwambia kwamba shokapu zimekwisha, na kunampunguzia sababu ya kufungua kisichohitaji kufunguliwa.

Ikiwa vidole vimehisi ulegevu mahali pawili, shingo na bushi kwa mfano, tengeneza shingo kwanza na upime upya, kwa sababu ulegevu wa shingo huongeza mtikisiko unaopimwa kwenye bushi. Shingo ikiwa inahitaji beringi mpya, shokapu zitatolewa hata hivyo, na huo ndio wakati wa busara wa kuzifungua pia.

Na ikiwa pikipiki iliwahi kuanguka au kugonga kitu kwa mbele, weka kando mpangilio wote uliotangulia. Tazama kwanza kama shokapu ziko sambamba na kama zinapanda na kushuka bila kukwama. Bomba la ndani likitolewa, libiringishwe juu ya kioo au sahani iliyonyooka, na mwanga unaopenya chini yake utaonyesha kama limepinda. Bomba lililopinda hula bushi mpya kwa muda mfupi, hivyo lishughulikiwe kabla ya kununua bushi, sili au oili.